Roboti Mwenye Kucha

Mama Dobi alikuwa mtu wa kuchukia madoa, na si kuchukia kwa mdomo tu kama wewe na mimi. Doa lilimnyima raha. Ukikaa naye huku una tone la chai kwenye kola, jua mazungumzo yamekwisha: atakuitikia "naam, naam," lakini macho yake hayatoki kwenye kola. Duka lake la kufua na kupiga pasi lilikuwa katikati ya fundi viatu na kinyozi, na kwa miaka mingi watu walimpelekea makoti, mashuka na mapazia waliyokwisha kuyakatia tamaa. Kwenye rafu alikuwa na chupa zake za siki, spiriti na magadi, na nyingine alizochanganya mwenyewe bila kumwambia mtu, hata marehemu mumewe. Siku hizi duka alikuwa amemwachia binti yake. Yeye alishuka asubuhi tu, kukosoa.

Akishakosoa vya kutosha alipanda chumbani kwake ghorofani, akavaa miwani, akawasha kompyuta na kuanza kufuta vumbi kwenye filamu ya zamani ya watu waliosafiri kwenda sayari ya mbali. Alifuta picha moja, akaenda ya pili, akaenda ya tatu. Sekunde moja ya sinema ina picha zaidi ya ishirini, na filamu yenyewe ilikaribia saa mbili. Piga hesabu mwenyewe, mimi nilishindwa. Majirani walidhani upweke umemzidi. Hawakujua kwamba mambo yote yalianza na kaka yake.

Kaka mtu aliitwa Bati. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, limo kwenye kitambulisho, ila ukimwita kwalo hageuki. Ujanani alikuwa kibarua kwa fundi wa mabati, wakitengeneza ndoo, mabeseni na masanduku ya wanafunzi. Siku moja wakaja watu wa sinema, wanataka vazi la roboti. Fundi akapima vibaya, vazi likatoka jembamba, na mwigizaji aliyeajiriwa kulivaa, mtu wa kifua kipana, akaingiza kichwa na bega moja akakwama, ikabidi atolewe kwa mafuta ya kupikia. Mwongozaji wa filamu akageuka huku na huku, akamwona kijana mwembamba aliyeleta vazi kwa mkokoteni. "Wewe," akasema, "hebu ingia humo." Bati akaingia, likamkaa sawasawa. Tangu siku hiyo akawa ndiye roboti, na jina likamganda.

Filamu iliitwa *Mlango wa Sayari Baridi*. Watu wa chombo cha anga wanatua kwenye sayari ya barafu na kumkuta roboti aliyelinda mlango mmoja kwa miaka elfu bila kujua anaulinda kwa ajili ya nani. Mwanzoni anawazuia. Mwishoni, mlima unapoanza kuporomoka, anauinua ule mlango wa chuma kwa mkono mmoja na kuushikilia juu mpaka watu wote wapite chini yake, kisha yeye anabaki hukohuko. Ilikuwa filamu ya pesa kidogo. Anga lilikuwa shuka lililopakwa rangi, na chombo cha anga kilining'inia kwenye uzi ambao kila mtu aliuona. Hata hivyo watu waliipenda, katika nchi nyingi, na watoto walioitazama wakawa watu wazima wakiwa nayo moyoni.

Kisha mwongozaji, naye sasa mzee, akaitoa upya. Alisema kwenye mahojiano kwamba hii ndiyo filamu aliyokuwa ameiona kichwani tangu mwanzo, ila wakati ule vifaa havikuwapo. Sasa vipo. Basi akajaza anga vyombo vinavyozagaa kama nzi buchani, akatundika miezi mitatu mahali ambapo hapakuwa na hata mmoja, na roboti wa mabati akamwondoa kabisa. Akamweka mwingine wa kuchorwa na kompyuta, anayeng'aa, mwenye misuli. Roboti mwenye misuli, jamani! Huyo hata mlango haugusi. Anaukodolea macho tu, nao unapaa. Toleo la zamani likaondolewa kila mahali. Ukiitaka filamu, ni hiyo mpya au ukae bila.

Wajukuu wa Bati wakaipata. Walikuwa wamelelewa na hadithi za lile vazi, jinsi lilivyochoma, jinsi babu alivyoshindwa kujikuna, na sasa wakamketisha mbele ya televisheni kwa heshima zote. Aliyeiwasha alikuwa mjukuu mkubwa, msichana anayeuza simu mjini, waliyemwita Chiriku kwa sababu tangu ajifunze kufungua mdomo hakuwahi kuufunga.

"Babu, mbona hutokei?" akauliza Chiriku.

"Subiri. Nitatokea pale kwenye barafu."

Pale kwenye barafu akatokea yule wa misuli. Wajukuu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akamuuliza babu alikuwa ananyanyua vyuma vya kilo ngapi. Bati akacheka nao kidogo, kisha akasema huyo si yeye, wamembadilisha.

"Haya babu, wamekubadilisha," akasema Chiriku, kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto anayesema ameona jini. Bati angependa waendelee kumcheka kuliko kuisikia sauti ile.

Habari haikukawia kufika kwenye benchi la kinyozi, ambako Bati alikaa kila asubuhi. "Mzee, misuli leo umeiacha nyumbani?" Utani wa kawaida, na wala hawakuwa na nia mbaya. Lakini Bati alikuwa ametaniwa maisha yake yote kwa jambo la kweli, na sasa alitaniwa kwa uongo ambao hakuusema. Ushahidi hakuwa nao. Picha hakupigwa, na jina lililoandikwa mwishoni mwa filamu lilikuwa la yule wa kifua kipana, maana kadi za majina zilikuwa zimekwisha kuchapwa. Akaacha kwenda kwa kinyozi.

Mama Dobi alipoona benchi halina kaka yake alimfuata nyumbani. Alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu kabisa, kama mtu wa kutoka.

"Kaka, unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa mbona hutoki?"

"Nitoke niende wapi? Nimeshakuwa mzee wa kutunga uongo." Aliinamia viatu vyake. "Kinachonitisha si wao, mdogo wangu. Juzi nilijiuliza mwenyewe kama kweli niliwahi kuingia kwenye lile vazi. Nikakosa jibu la haraka."

Mama Dobi akamtazama, moyo ukamuuma. Baba alikuwa amekufa mapema, na ni kaka huyu aliyempeleka shule akiwa amembeba mgongoni siku za mvua. "Nitakurudisha," akamwambia. Namna ya kumrudisha hakuijua.

Namna ililetwa na koti. Mwalimu mmoja mstaafu wa fizikia alileta dukani koti lenye madoa ya hudhurungi, na kabla hajafika kwenye meza Mama Dobi akauliza nani amemwaga siki. Mwalimu akaomba radhi. Filamu za zamani zikianza kuharibika hunuka hivyo, akaeleza. Alikuwa akifungua makopo aliyoyaokoa kwenye jumba la sinema lililofungwa na kugeuzwa ghala la vitanda. Kopo moja watu wa ghala walikuwa wanalitumia kuzuia mlango usijifunge.

"Filamu gani hiyo?" akauliza Mama Dobi, kwa adabu tu.

Mwalimu akaitaja. Mama Dobi akakaa juu ya rundo la mashuka safi ya hoteli, jambo ambalo binti yake hakuwahi kumwona akilifanya.

Mwalimu hakuwa peke yake. Walikuwapo wapenzi wa filamu hiyo kila pembe ya dunia, watu wasioonana ila kwa mtandao, waliochukizwa na toleo jipya na kuamua kuirudisha ya zamani kwa mikono yao. Huyu ana kipande, yule ana sauti aliyoinasa ukumbini akiwa kijana. Kopi kamili hakuwa nayo mtu, mpaka yalipopatikana yale makopo ya ghalani. Mwalimu alikuwa ametengeneza mashine ya kunakili mkanda kwenye kompyuta kwa mota ya cherehani na kamera, na ilikuwa imetawala meza yake ya chakula kiasi kwamba mkewe alihamia kulia jikoni. Kilichobaki ilikuwa kusafisha. Mkanda ulikuwa umegeuka mwekundu, umejaa vumbi, nywele, alama za vidole na mikwaruzo.

"Hapo sasa umefika kwangu," akasema Mama Dobi.

Mwalimu akamfundisha, na akampa sheria moja ambayo kundi zima liliifuata. "Kilicholetwa na wakati tunakitoa, Mama. Kilichowekwa na watu siku ile ya kwanza tunakiacha, hata kama ni kibaya. Tukianza kurekebisha, tutakuwa na tofauti gani na yule mwongozaji mzee?"

Sheria hiyo ilimtesa. Uzi wa chombo cha anga aliuacha, haya. Lakini lile anga la shuka lilikuwa na kunjo, kunjo refu kabisa kutoka nyota hii mpaka nyota ile, na katika kila picha Mama Dobi alilitazama huku kiganja kinamwasha kutaka pasi. Miaka yote ile ya kazi, na sasa anatakiwa kuacha mbingu nzima haijapigwa pasi! Aliliacha. Alinung'unika, alimpigia Mwalimu simu kulalamika, lakini aliliacha. Mwalimu akamsifu kwa wenzake wa mtandaoni kwamba ana mkono mwepesi na moyo mwaminifu, na kwa hilo wakamwachia mkanda wa mwisho autengeneze peke yake, wenye tukio la mlango.

Na humo ndimo ulimokuwa ule mkono.

Hadithi yake ilijulikana. Glavu ya bati ilikuwa ikiteleza kwenye mlango, jua lilikuwa linazama, mkanda wa kamera unakaribia kwisha, na mwongozaji akamwambia Bati avue glavu na aushike mlango mkono mtupu, gizani hautaonekana. Ukaonekana. Ukaonekana mkubwa, umejaa picha nzima: mkono wa mtu, una kucha, na kucha zina uchafu. Wapenzi wa filamu walimwita roboti mwenye kucha, na vichekesho juu yake vilijaa mtandaoni. Mama Dobi hakuhitaji mtandao. Alikumbuka, yeye msichana mdogo na ndoo yake bombani, vijana wakimpigia kaka yake kelele, "Roboti mwenye kucha chafu!" na kaka yake akiuingiza mkono mfukoni haraka. Muda mrefu baada ya hapo alitembea hivyo, mkono mmoja mfukoni.

Alianza kwa kufuta mikwaruzo, kama kawaida. Kadiri picha ilivyosafika ndivyo mkono ulivyozidi kuonekana, mpaka weusi wa chini ya kucha, mpaka kidole cha mwisho kilichopinda tangu kilipobanwa na mlango utotoni. Mama Dobi akavua miwani. Akajiuliza: ndiyo namrudisha kaka yangu kwa watu, ili wamcheke tena? Akanywa maji, akarudi kitini, akachukua rangi ya bati kutoka kwenye mkono mwingine wa roboti, ule wenye glavu, akaanza kupaka. Ilikuwa kazi ya wiki nyingi, kufunika ngozi, kufunika kucha, kukinyoosha kidole. Hakumwambia Mwalimu. Moyoni alisema kwamba hata wao siku ile wangependa iwe hivi, basi tu muda haukuwatosha. Angejisikiliza vizuri angetambua kwamba maneno hayo alikwisha kuyasikia kwa mtu mwingine, na kwamba yeye mwenyewe alimtukana mtu huyo kwa kuyasema.

Filamu ilipokamilika, Mama Dobi alimwita kaka yake na Mwalimu, watu hao wawili tu kwanza. Alifunga mapazia mchana, akawapa viti, akawasha mashine ya kuonyeshea aliyoazimwa.

Roboti alipotokea kwenye barafu, Bati alishika mikono ya kiti. "Ni mimi," akasema, kwa sauti ya chini. Kisha kwa sauti kubwa, "Mdogo wangu, ni mimi kabisa!" Na baada ya hapo hakunyamaza. Hapo alikuwa haoni mbele, alipiga hatua kwa kuhesabu. Hapo palikuwa na nyuki ndani ya kichwa cha vazi, ndiyo maana roboti anatikisa shingo, na magazeti yaliandika kwamba ni uigizaji wa hali ya juu. Hapo alikuwa amelala kweli. Mwalimu alicheka mpaka akajifuta machozi. Mama Dobi alikuwa hatazami filamu. Alikuwa anamtazama kaka yake, na furaha ilimjaa kifuani.

Ikafika sehemu ya mlango. Bati alisogea mpaka ukingoni mwa kiti, akainama mbele, midomo wazi. Roboti akainua mlango kwa mkono unaong'aa wa bati. Watu wa chombo wakapita. Mlima ukaporomoka. Bati akaegemea nyuma taratibu, akayatazama majina yakipanda mpaka yakaisha.

Mama Dobi alisubiri kushukuriwa.

"Mkono wangu uko wapi?" akauliza Bati.

"Nimeutengeneza, kaka. Sasa hakuna wa kukucheka."

Mwalimu akasimama. Alikuwa mtu mpole, lakini hapo uso ulimbadilika. "Umeutengeneza? Mama, umepaka rangi juu ya mkanda?"

"Picha za mkono tu."

"Umefanya alichofanya yule mzee! Yeye alisema alitamani iwe hivi tangu mwanzo. Wewe umesema nini?"

Mama Dobi alifungua mdomo kujibu, akaona jibu alilonalo ni lilelile, akaufunga.

"Mwalimu, keti," akasema Bati. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa na uso wa siku ile ukingoni mwa kitanda. "Mama alinitambua pale, mdogo wangu."

"Mama gani?"

"Mama yetu. Siku ya kwanza ilipoonyeshwa. Wewe ulikuwa na surua, tulikuacha kwa jirani."

Akaeleza. Mama yao alikaa filamu nzima akinung'unika, mwanangu yuko wapi, nimevaa nguo ya sikukuu nije kutazama pipa linatembea. Hakuamini kwamba mwanawe yumo ndani. Alidhani kijana amepiga chuku ili aonekane mtu mbele ya wenzake, na alikwisha kuanza kumwonea huruma. Kisha mkono ukatokea, mkubwa kuliko mtu, na kile kidole alichokifunga kitambaa yeye mwenyewe. Mama akapanda juu ya kiti. Alipiga ukelele ukumbi mzima ukageuka: huyo wangu, huyo nimemzaa mimi! Mtu wa tiketi akaja akamtoa nje.

"Mwisho wa filamu hakuuona," akasema Bati. "Wala hakurudi kuutazama. Alisema alichokwenda kukiona amekiona."

"Na mbona hamkuniambia, miaka yote hii?"

"Alinikataza. Aliona haya, mtu mzima kutolewa ukumbini kama mlevi."

Mama Dobi alikuwa analia sasa, na hakujificha. "Lakini ulikuwa unauficha, kaka. Nilikuona bombani. Ulikuwa unauweka mfukoni."

Bati akamtazama kwa mshangao wa kweli, kisha akacheka kidogo. "Walikuwa wanataka kuushika! Kila mtu alitaka kuushika mkono wa roboti. Ningeuacha nje wangeumaliza."

Ashukuriwe Mwalimu, ambaye hakuwahi kutupa kitu maishani mwake, na nakala ya mkanda kabla haujaguswa alikuwa ameihifadhi. Akampelekea Mama Dobi bila maneno mengi. Lakini sehemu ile ilikuwa ndiyo chafu kuliko zote, kwa kuwa mwisho wa mkanda ndio hukwaruzwa zaidi, na vumbi lilikuwa limetapakaa juu ya vidole. Mama Dobi aliketi na kalamu yake ya kompyuta mkononi asijue aanzie wapi. Uchafu upi umeletwa na wakati, na upi ni wa mkono wenyewe? Maisha yake yote hakuwa amelazimika kuuliza swali hilo. Doa lilikuwa doa.

Akampigia simu kaka yake. Bati akaja, akavuta kiti, wakakaa bega kwa bega mbele ya mkono wa kijana uliojaa kioo kizima.

"Hili hapa?" akauliza dada mtu, akionyesha tone jeusi kwenye kifundo.

"Hilo silijui. Toa."

"Na hili chini ya kucha?"

"Masizi hayo. Asubuhi ile tulikuwa tumechomelea ndoo. Acha."

"Na huu mstari?"

Bati akakileta kiganja chake karibu na kioo, akakigeuza kwenye mwanga. Kovu lilikuwa limefifia, lakini lilikuwapo. "Bati lilinikata. Acha, huo wangu."

Wakaendelea hivyo mchana kutwa, na siku zilizofuata. Toa. Acha. Hilo vumbi, toa. Hicho kidonda, acha. Mara nyingine Bati alikumbuka kitu na kusimulia, ladha ya maji waliyompa kwa mrija, jinsi mlango ulivyokuwa mbao nyepesi na ikambidi ajifanye unamwelemea, na Mama Dobi alisikiliza huku akifuta. Tangu utotoni hawakuwahi kukaa pamoja muda mrefu namna ile. Asubuhi moja Bati alipita kwanza kwenye benchi la kinyozi, akasalimia, akaketi kidogo, ndipo akapanda ngazi.

Filamu ilionyeshwa Jumapili mchana ndani ya duka la Mama Dobi, meza za pasi zikiwa zimesukumwa ukutani. Shuka lilitandazwa juu ya kamba kuwa kioo, na sihitaji kukwambia kwamba halikuwa na kunjo. Kinyozi alikuja na wateja wake. Mwalimu alikuja na mkewe, ambaye alitaka kuona kilichomnyang'anya meza. Chiriku alikuja na wadogo zake, akakaa mbele na babu yake. Mama Dobi mwenyewe alisimama nyuma, kwenye mashine, na kabla ya kuanza aliifuta lenzi mara kadhaa kwa kitambaa, kwa maana hata unywele mmoja mbele ya mwanga huonekana kama kamba.

Watu walitulia. Waliyafurahia mabati, waliufurahia uzi. Chiriku alikuwa kimya, jambo lililowatia wasiwasi waliomfahamu, lakini kimya chake kilikuwa cha mtu ambaye bado hajaamua kama huyo ni babu yake. Kwani angejuaje? Pipa linatembea, na ndani ya pipa anaweza kuwa mtu yeyote.

Ikafika sehemu ya mlango. Mkono ukatokea, mtupu, mchafu, una kucha, umejaa shuka zima. Watu wakaangua kicheko, kama walivyokuwa wakicheka kila mahali ilipoonyeshwa. Bati naye alicheka. Na akiwa anacheka aliinua mkono wake juu, vidole vimefunguka, ukaingia kwenye mwanga wa mashine.

Kivuli chake kikaangukia kwenye shuka, kando ya ule mkono wa kijana, na kilikuwa na kidole kilekile kilichopinda, upande uleule. Vicheko vikapungua, kisha vikaisha. Mtu mmoja nyuma, ambaye hakuwa ameona vizuri, akasema, "Mzee, shusha mkono, unatuzibia."

"Asishushe," akasema Chiriku. Akamgeukia babu yake. "Babu, usishushe."

Mama Dobi alikuwa na kitambaa chake mkononi. Picha aliyoihangaikia muda wote ule, punje kwa punje, ilikuwa imezibwa nusu na kivuli kikubwa cheusi. Hakugusa kitu. Mbele yake kaka yake aliushikilia mkono juu mpaka watu wa chombo wakapita wote.